Moko Iliyolia Majini

Mwaka 1991, nikiwa na miaka ishirini, ndipo nilipoanza kupigwa kama mtu mzima. Nilikuwa nimepigwa kabla ya hapo, nani hajapigwa, lakini kile kilikuwa kipigo cha mtoto, kinaisha ukipewa uji. Cha mwaka ule hakikuwa na uji. Habari za baba yangu, mama yangu na ng'ombe waliokufa kwa ukame siziandiki. Kila mtu wa Shinyanga anazo za kwake na zote zinafanana. Niliishia darasa la nne. Haya nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye daftari la karakana, na anayeona mwandiko mbaya aje anioneshe yeye ameunga nini maishani mwake.

Kilichonishikisha kalamu ni msiba wa Kulwa. Tulimzika mwezi uliopita kijijini kwao, mbele kidogo ya Ibadakuli. Ndege ilishuka juu ya vichwa vyetu padri akiwa katikati ya sala. Akanyamaza, ikapita, akaendelea pale pale alipoachia. Baadaye tuliketi ndani, kwenye chumba chake chenye kitanda cha mbao na kalenda ya miaka mitatu iliyopita, tukaletewa ugali wa mtama na nyama. Milembe, binti yake, yule aliyesomea mambo ya vyuma mpaka chuo kikuu, akaja kupiga magoti kando yangu. "Shikamoo baba mdogo." "Marahaba mwanangu. Pole sana." "Baba alisema ukija nikuoneshe hii." Akatoa simu. Ndani yake kulikuwa na mabamba mawili ya chuma yamebanwa ubavu kwa ubavu, moja jeusi la aina ngumu, la pili jeupe lile lisiloshika kutu. Pini fupi nene ikashuka inazunguka, ikazama kwenye maungio, ikaanza kutembea polepole. Hapakuwa na cheche, hapakuwa na moshi, hapakuwa na ule mwanga wa kuunguza macho. Nyuma ya pini ulibaki mstari umetulia kama njia ya konokono. "Haiyeyushi," Milembe akasema. "Joto ni la msuguano tu. Chuma kinalainika, pini inakikoroga, hiki kinaingia ndani ya kile." Nikamwambia, kama ugali. "Kama ugali, baba mdogo. Na hivi ni vyuma viwili visivyopatana. Ukivichomelea kwa kuyeyusha, kile kigumu kinapasuka pembeni ya mshono." Nikamuuliza, "Mwanangu, unamfundisha nani?" Akacheka na machozi yake bado yako mashavuni. "Najua, baba alinihadithia. Ila wewe ulisugua. Hawa wanakoroga." "Kusugua na kukoroga ni ndugu," nikasema. "Sote tumekataa kuyeyusha." Wanawake waliokaa mlangoni wakacheka pia. Mimi sikucheka, kwa sababu upande wa pili wa mkeka alikuwa amekaa Doto, pacha wa marehemu, na alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto, pale ambapo hakuna kidole kidogo. Yeye ndiye aliyekiondoa.

Katoro ya wakati ule, nilikokutana na mapacha hao, usiifikirie hii ya leo yenye ghorofa na bodaboda. Ilikuwa vibanda vya miti na maturubai pembeni ya barabara, na watu wametoka kila pembe ya nchi kwa sababu mtu mmoja kasema ameona dhahabu. Nilifika nikiwa na shati moja, nikapokewa na Fundi Mabula, mtu mfupi mwenye shingo kama ya ng'ombe dume, aliyekuwa na karakana ya mabati, mashine ya kuchomelea, na mashine kuukuu ya kukereza chuma iliyozungushwa kwa mkanda na injini ya dizeli. Sijui aliipata wapi. Aliipenda kuliko wake zake wawili, na wao walijua. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Unaogopa kupigwa?" Nikasema hapana. Akanipiga kofi nikaona nyota. "Sasa tumejuana," akasema, akanipa ufagio.

Nyuma ya karakana palikuwa na chumba cha udongo, na ndani yake tulilala watatu: mimi na mapacha wawili wachimbaji, Kulwa na Doto. Mimi naitwa Shija. Kwa Wasukuma mtoto anayefuata mapacha huitwa Shija, kwa hiyo watu wote pale Katoro waliamini tumetoka tumbo moja. Mapacha wangu mwenyewe niliowafuata wapo na hawahusiki hapa. Doto alifurahia sana mchezo ule. "Shija, mdogo wangu, nenda kachote maji." "Shija, mdogo wangu, waheshimu kaka zako, tupishe kwenye godoro." Nilikuwa nawazidi urefu wote wawili. Kulwa alikuwa mpole, mtu wa kukaa na jibu mdomoni mpaka swali lisahaulike. Doto alikuwa moto wa nyasi. Walifanana uso na mwendo, na ukitaka kuwatofautisha ulitazama nani ana jeraha jipya; huyo alikuwa Doto. Siku moja alimng'ata mtu sikio pale kwa muuza pombe, akarudi nalo kiganjani kutuonesha. Kulwa alilichukua kwenye jani, akalirudisha kwa mwenyewe, akamwomba radhi. Hayo ndiyo yalikuwa maisha. Mwizi wa mawe alipigwa kwa mitarimbo mchana kweupe na watu wakaendelea kunywa chai. Nilijifunza kulala nikiwa nimeegemeza mgongo ukutani, na hadi leo mke wangu hulalamika.

Kazi yetu kubwa ilikuwa moko. Moko ni tindo ndefu ya kupasulia mwamba. Mmoja anaishika kwa mikono miwili, mwenzake anaigonga kichwani kwa nyundo kubwa, na kila pigo yule anayeshika anaizungusha kidogo, mpaka tundu linafika kina cha kiwiko. Hapo panatiwa baruti. Ncha inatakiwa iwe ngumu, la sivyo inakuwa butu kabla ya chai ya saa nne. Kichwa kinatakiwa kiwe laini, la sivyo kila kikigongwa kinarusha vipande, na vipande hivyo vinapenda macho. Kwa hiyo moko ya kweli ni vyuma viwili: ncha ya ekseli za malori yaliyokufa Isaka, na mpini wa chuma laini cha kawaida. Shida iko pale vinapokutana. Fundi Mabula hakuwa na shule kunizidi, lakini aliniambia maneno ambayo Milembe amelipiwa ada miaka mingi kuyasikia: "Hiki kigumu kina hasira. Ukikiyeyusha halafu ukakipoza ghafla, kinageuka kioo. Kinapasuka pembeni ya mshono, unene wa kucha, na kwa macho huoni kitu." Kwa hiyo kila moko aliyoichomelea aliizika kwenye pipa la majivu ya moto, ikalala humo mpaka kesho yake, ipoe kidogo kidogo.

Wachimbaji walichukia majivu. Wao walikuwa na imani yao, na ni imani ya pale kwetu tu, sijawahi kuikuta kwingine: chuma lazima kilie majini. Walikuja wakasimama mbele ya meza, wakataka kuona moko nyekundu inatumbukizwa kwenye ndoo, waisikie ikipiga kelele, ndipo waamini imeiva. Isiyolia waliiita mbichi. Fundi aliwafukuza kwa matusi, wakarudi kesho kwa sababu hapakuwa na fundi mwingine. Mimi nilikuwa nawaza, mzee huyu anapoteza siku nzima kwa ajili ya majivu.

Sasa nieleze kosa la mafuta, maana bila hilo mimi ningekuwa marehemu wa zamani. Kwenye ile mashine ya kukereza kulikuwa na ncha ya nyuma, kipande cha chuma kigumu sana kilichochongoka, kisichozunguka, kazi yake kuishikilia ekseli kwa mwisho isiyumbe. Ekseli inazunguka, ncha imesimama, kwa hiyo pale zinapogusana lazima upake mafuta kila mara. Fundi alitumia mafuta ya ng'ombe, yamegandishwa kwenye kopo lililoning'inizwa kwa waya. Jioni moja Kulwa alileta furu wabichi kutoka kwa mchuuzi wa ziwani. Samaki tunao, nsansa za majani makavu ya kunde tunazo, ugali uko tayari, mafuta ya kukaangia hakuna. Doto akanitazama. "Mdogo wangu, ile mashine inakula vizuri kuliko sisi." Nikaenda nikalisafisha kopo lote. Sijawahi kula samaki wenye ladha ile. Walikuwa na harufu ya chuma kwa mbali, na tulilamba sufuria.

Kesho yake nikafunga ekseli, nikawasha injini, nikapaka makalio ya kopo, yaani hewa. Nilijiambia itastahimili. Haikupita muda ile sehemu ya kugusana ikaanza kulia kama nguruwe, ikawa nyekundu, ikawa rangi ya chungwa, mashine yote ikatetemeka, kisha mkanda ukaruka wenyewe na kila kitu kikasimama. Ncha ilikuwa imeshikana na ekseli. Fundi Mabula akaja, akatazama, akachungulia kopo, akaelewa. Alinipiga kwa mkanda wa injini mpaka shati langu moja likawa vipande. Kisha akaichukua nyundo kubwa aitenganishe ncha yake. Akapiga. Akapiga. Ekseli ilipinda, ile ncha ikavunjika katikati yake, lakini pale zilipogandana pakabaki vilevile. Fundi akakitupa kile kipande kwenye chuma chakavu, akanitemea mate, akasema, "Umenilia mashine." Mimi nilikuwa chini natafuta jino. Sikufikiri kitu chochote kuhusu kile kipande. Leo watu huniuliza kama niliona maajabu. Niliona damu yangu, basi.

Fundi akasafiri kwenda Isaka kutafuta ncha nyingine na mkanda, akaniachia karakana. Wiki ileile kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, la akina Kulwa wakakuta mkanda wa dhahabu mwambani, na kila mwenye mikono akataka moko. Foleni ilifika barabarani. Waliniita Fundi Shija, na mimi, mtu niliyefagia sakafu ile, jina lile lilinilevya kuliko pombe. Asubuhi ya pili Doto akapenya mbele ya watu, kifua wazi, jasho linamtiririka. "Mdogo wangu, yetu iko wapi?" Nikamwambia imechomelewa sasa hivi, iko kwenye majivu, kesho utaipata. "Kesho! Duara la jirani wanachimba kutufuata, kesho watakuwa tumboni mwetu. Tia maji." "Fundi kakataza." "Fundi yuko Isaka. Wewe ni fundi au ni mfagiaji? Tia maji, tusikie." Watu nyuma yake wakaanza kupiga makofi, tia maji, tia maji. Kulwa sikumwona; nilidhani yuko kwa mama muuza chai. Nikachukua koleo, nikaifukua, bado nyekundu, nikaitumbukiza kwenye ndoo. Ililia sana. Mvuke ukanifunika uso, watu wakashangilia. Doto akanibusu kwenye paji la uso. Kulwa akatokea mlangoni, akaitia begani bila neno, wakaondoka.

Niliyoyasikia baadaye niliyasikia kupitia ukuta wa chumba chetu, wachimbaji wakisimuliana nje. Kulwa alishika, Doto akapiga. Moko ilikatika kwenye maungio Kulwa alipokuwa anaizungusha, pigo lililofuata likiwa hewani bado linashuka. Nyundo ikapita, ikamkuta mkono wa kulia wa Kulwa umelala juu ya mwamba, ikausaga. Kipande kimoja kikaruka kikaingia kwenye jicho lake la kulia. "Alipiga yowe?" mmoja aliuliza. "Aliyepiga yowe ni Doto," akajibiwa. Walimpandisha Kulwa amefungwa ndani ya gunia la katani kwa kamba, na gunia likafika juu jekundu.

Lakini hayo niliyasikia baadaye. Siku ile nilichosikia ni miguu. Walikuja kama arobaini. Waling'oa mlango wa karakana, wakanivuta nywele, wakanipiga kwa kila walichokuwa nacho, mtu mmoja kwa kandambili, nakumbuka nilishangaa, kandambili. Wakaniburuta hadi kwenye fuawe, wakaubana mkono wangu wa kulia juu yake. Doto akaja na nyundo ileile. Ilikuwa bado imelowa. Alikuwa halii, uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango. Akainyanyua. Ndipo mzee mmoja aitwaye Sitta, msimamizi wa duara lao, akaweka fimbo yake juu ya mkono wangu. "Ukiuvunja, nani atamlipa Kulwa kwa desturi?" akauliza. Watu wakatulia. Desturi ya maduara yetu ilikuwa hii: moko ikimlemaza mtu, fundi aliyeiunga anatengeneza nyingine, anashuka nayo shimoni, anaishika mwenyewe, na anayepiga ni ndugu wa aliyeumia. Tundu likifika kiwiko, kesi imekwisha. Moko ikikatika, kesi imekwisha vilevile.

Mzee Sitta akaniuliza, "Ile moko ililala kwenye majivu?" "Hapana, mzee. Niliitia maji." "Nani alikwambia utie maji?" Doto alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, nikimsikia anavyopumua. Nusu ya watu wale walikuwepo asubuhi wakipiga makofi; wote walitazama chini. Nikasema, "Koleo lilikuwa mkononi mwangu." Mzee Sitta akanipa siku tatu.

Fundi Mabula akarudi kesho yake akanikuta nimevimba uso mzima. Akasikiliza, hakunipiga, na hiyo iliniogopesha kuliko yote. "Isaka kuna malori ya kwenda Rwanda kila siku," akasema. "Panda moja." Nikamwambia sipandi. Nikikimbia nitakuwa mtu aliyemkata Kulwa mkono akakimbia, na sitashika tena koleo mbele ya watu. "Basi kufa fundi," akasema, akakaa juu ya ndoo kunitazama. Siku ile nilichomelea moko sita. Nilizizika kwenye majivu kwa taratibu zote, kisha alfajiri yake nikazigonga kwenye fuawe kwa nguvu zangu zote. Moja ilikatika pigo la kwanza, nyingine zilivumilia zaidi, lakini zote zilikatika, na zote palepale, pembeni ya mshono, unene wa kucha kwenye upande mgumu. Fundi akaniambia ukweli ambao hakuwahi kuuambia mteja. "Majivu yanachelewesha tu. Za kwangu pia hukatika. Mimi nimekuwa na bahati."

Siku ya pili nikaenda kukojoa nyuma, nikajikwaa kwenye chuma chakavu, nikakiona kile kipande, ekseli na ncha zimegandana. Nikakaa chini nikakitazama kwa muda mrefu. Vyuma viwili tofauti, vyote vikali, havikuchomelewa na mtu, na nyundo ya Fundi ilishindwa. Nikachukua msumeno, nikapasua katikati kwa urefu, ikanichukua asubuhi nzima, nikapasugua kwa mchanga. Hapakuwa na mshono. Hapakuwa na tundu wala ufa. Kimoja kilikuwa kimeingia ndani ya kingine. Kisha nikaelewa: hakuna kilichoyeyuka pale. Vilisuguana vikalainika, vikabanwa, vikashikana. Kile kigumu hakikupata nafasi ya kukasirika.

Nikafunga kipande cha ekseli upande unaozunguka, chuma laini nikakibana upande wa nyuma uliosimama, bila tone la mafuta. Fundi akawasha injini. Nikasukuma gurudumu la nyuma, lile linalosogeza upande huo mbele, kwa uzito wangu wote, vyuma vikalia, vikawaka, vikaanza kutoa ukosi, mdomo wa chuma laini unaojikunja pande zote kama unga unaofura sufuriani. Nikapiga kelele, zima! Fundi akazima, lakini mashine kubwa haisimami kwa kuambiwa. Iliendelea kuzunguka kidogo, ikanyonga maungio yakiwa bado laini, yakakatika kama muwa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu kipande kiliruka kikanichana shavu, alama ninayo. "Tatizo ni kusimama," Fundi akasema. Hakuwa tena juu ya ndoo. Alikuwa amevua shati. "Lazima isimame kama mtu aliyepigwa risasi." Siku ya tatu, mchana, zikiwa zimebaki saa chache, akachukua panga na ubao mnene wa mninga. Nilipopiga kelele, akaukata mkanda wake mpya wa Isaka kwa panga, palepale, na kwa mkono mwingine akauchomeka ubao chini ya kichwa kinachozunguka, akaulalia kwa kifua chake. Ubao ulitoa moshi. Ukamvunja mbavu mbili. Mashine ikasimama, nami nikasukuma kwa mara ya mwisho mpaka nikasikia mishipa ya shingo inataka kukatika. Tukaizika kwenye majivu, Fundi akiwa amejikunja sakafuni anatukana mama yangu, mama wa Doto na mama wa aliyegundua dhahabu. Hatukupata muda wa kuijaribu kwenye fuawe. Tuliifukua ikiwa bado vuguvugu, ukosi wake mzima, nikaichonga ncha kwa tupa njiani.

Shimoni kulikuwa na joto na harufu ya jasho na matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, yanayooza. Tochi zilifungwa vichwani kwa mipira ya baiskeli. Mzee Sitta akanionesha mwamba. Nikapiga magoti, nikaishika. Doto akasimama juu yangu. Hakuniita mdogo wangu. Pigo la kwanza hakulilenga kwenye moko, au alilenga, sijui, sikuwahi kumuuliza. Lilishukia mkono wangu wa kushoto, kidole kidogo kikabaki kinaning'inia kwa ngozi. Nilipiga kelele hadi matumbo yakauma. "Shika," Mzee Sitta akasema. Nikashika kwa vidole tisa. Doto akapiga. Nikazungusha. Akapiga. Kila pigo nilifumba macho nikangoja ule mlio wa kukatika, na kila pigo moko ililia mlio mmoja, mzito. Damu yangu ilifanya iteleze, nikaifungia shati. Doto alipiga kama mtu anayetaka ikatike. Alipiga mpaka pumzi ikawa inakoroma, mpaka mpini wa nyundo ukapasuka akaletewa mwingine. Mzee Sitta alikuwa akipima kwa mkono wake mwenyewe, anaingiza vidole, kisha kiganja, kisha kifundo. Mwisho akaingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa umejaa vumbi jeupe. "Imekwisha," akasema. Doto akaitupa nyundo, akanikamata shingo, nikajua ananiua kwa mikono, akanigonga kwa paji la uso mara moja, damu ikamtoka yeye, kisha akaanguka juu yangu akalia. Tulipandishwa kwa kamba moja.

Kulwa alirudi kutoka hospitali baada ya wiki kadhaa bila mkono wa kulia na bila jicho. Nilimlisha matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa vikakaushwa, na maziwa mgando kwa kijiko, naye alikuwa anatafuna huku ananitazama kwa jicho lililobaki. Siku moja akasema, "Nipe hiyo moko." Nikampa. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye ukosi, mzunguko mzima, polepole. "Iko wapi ya kwanza?" Nikamwambia imebaki shimoni. Akatikisa kichwa. Hakuongea tena habari ile, na mwisho wa mwaka akarudi kwao na ile moko, akawa anafungia ng'ombe. Kila nilipokwenda kumtembelea, miaka yote hii, niliikuta imesimama uani imefungwa ndama.

Siku ya msiba, watu walipopungua, Doto akanivuta kando mpaka zizini. Amezeeka, mgongo umepinda. Akaing'oa ile moko ardhini, akaipangusa samadi kwa suruali yake ya matanga, akanipa. "Alisema ikae kwako." Nikashukuru. Hakuondoka. "Shija, kwa nini hukusema? Pale mbele ya Mzee Sitta. Kwamba mimi ndiye niliyesema tia maji." Nikamwambia, "Ningesema, wangekuua. Ningepata wapi mtu wa kunipiga?" Hakucheka. "Alijua," akasema. "Kulwa. Aliniambia mwaka jana alipoanza kuumwa. Siku ile alikuwa amesimama nje, nyuma ya bati. Aliisikia inalia. Akasema, Doto, nilijua maana yake, Mabula alishaniambia mimi, nami nilikuwa na haraka kama nyie. Ningeweza kuirudisha kwenye majivu. Nikaitia begani." Tukasimama pale, wazee wawili, na ndama aliyefunguliwa alikuwa anatembea akinusa mifuko yetu. Miaka yote nilimbeba Kulwa peke yangu, na kumbe tulikuwa tumembeba watatu, mmoja wao ni yeye mwenyewe. "Twende tukale, mdogo wangu," Doto akasema.

Leo ninavyo hivi. Nyumba ya tofali za kuchoma Katoro, vyumba vitano, bati jekundu. Karakana yenye mashine tatu za kukereza, mojawapo ile ya Fundi Mabula aliyoniachia alipofariki, ubao wa mninga ulioungua bado umefungwa pembeni yake. Ng'ombe kumi na wanane. Lori moja linalotembea na moja lisilotembea. Mke, watoto sita, wote wamepita darasa la nne. Vidole tisa. Moko moja yenye ukosi, nimeitundika juu ya mlango. Milembe ameniahidi kuja kujaribu kukoroga chuma hapa kwangu, na nimemwambia aje na pini yake. Pipa la majivu ninalo, ni la moto mchana kutwa. Ndoo ya maji karakanani kwangu hakuna. Ukishikwa na kiu, nenda kwa jirani.